Kimoja Kiko Chini

Kitu cha mwanzo alichokiona Wadha kilikuwa kidogo sana, hata akaona haya kukifikiria. Ilikuwa Jumatano, siku ya soko la wanawake pale Ibra, na yeye alikaa mkekani nyuma ya kofia walizozishona wenyewe, yeye na mama yake, Bi Turkiya. Ilipoadhiniwa adhuhuri, wanawake wote walinyanyuka. Walinyanyuka tu, huyu ana mtoto begani, yule ana furushi la vitambaa kwapani, mwengine bado anabishana na mtu juu ya bei ya udi. Hakuna aliyeweka mkono chini. Hakuna aliyepiga goti kwanza, akavuta pumzi, akatafuta pa kushika, ndipo akasimama.

Wadha aliitazama mikono yake miwili ilivyokuwa imeukandamiza mkeka, akaduwaa.

Maisha yake yote alikuwa akiamini kwamba kila mtu anaumwa. Hakuambiwa hivyo na mtu. Alilichukulia kama kiu ya Ramadhani, jambo la watu wote, na mwenye adabu zake halitaji. Aliamini kwamba kila mwanamke akiamka hukuta nyayo zake zinawaka na nyonga zimekaza kama bawaba zilizoshika kutu, na kwamba wenziwe wanajua kuvumilia na yeye hajui. Sasa shaka ikamwingia. Ama hawa wote ni hodari kupita kiasi, ama hawaumwi hata kidogo, na hakujua lipi katika hayo mawili limtie uchungu zaidi.

Mama yake hakuwa na haja ya kujiinua kutoka chini. Yeye hakukaa mkekani hata siku moja. Alikalia kreti la soda lililopinduliwa, akisema kwamba kutoka juu anawaona wanunuzi vizuri.

Upande wa pili wa kofia, mwanamke mnene aliyevaa buibui la Kizanzibari alikuwa akimtazama Wadha. Alimtazama mikono, akamtazama magoti, kisha uso.

"Mwanangu, mguu una nini?" akauliza kwa Kiswahili.

"Alhamdulillah, Bi mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuuliza mguu, umenijibu dini," akasema yule mwanamke, akacheka peke yake.

Huyo ndiye Bi Ghaniya wa Sur. Alikuja na mwanawe Khalaf kwa kisingizio cha kununua kofia, lakini kila mtu pale alijua wamekuja kumwangalia msichana. Khalaf alikuwa akifanya kazi afisi ya maji kule Sur, na Kiswahili chake kilikuwa nusu Kiarabu, kama cha vijana wote waliokulia Oman. Alijaribu kofia moja, haikuingia. Akajaribu ya pili.

"Hii kofia saghira," akasema, "au kichwa yangu kubwa?"

"Kichwa chako kikubwa," mama yake akamrekebisha. "Na kikubwa kweli."

Wadha alicheka ndani ya mtandio wake mpaka mabega yakatikisika. Khalaf aliona mabega, naye akacheka. Basi. Hawakusema zaidi ya hapo. Lakini usiku ule na siku zilizofuata Wadha alijikuta akishona kofia ya kipimo kikubwa, naye hakuagizwa na mtu. Alimtaka. Hilo nalo hakumwambia mtu.

Kutosema kulikuwa ndio malezi yake. Walikuja Oman kutoka Pemba yeye akiwa mtoto wa miaka saba, hajui Kiarabu, akatiwa skuli pamoja na watoto wadogo kuliko yeye. Kila asubuhi walipangwa mstari juani, na kabla mwalimu hajamaliza kuita majina, nyayo za Wadha zilikuwa zimeshawaka, naye akachutama. Mwalimu alimwita mvivu mbele ya wenziwe. Alipofika darasa la nne akaacha, akakaa nyumbani kushona. Alipojaribu kumweleza mama yake sababu, Bi Turkiya alimkata kauli.

"Usijitie maradhi," alimwambia. "Mtu akikuuliza hali, anakupa salamu, hakukuomba hesabu ya viungo vyako. Sema alhamdulillah, umalize."

Wadha akasema alhamdulillah, na tangu siku hiyo hakuacha kuisema.

Haikupita wiki, Bi Ghaniya akapiga simu. Posa wanaileta, alisema, na msichana wamempenda, ila kabla ya yote angependa apimwe. "Si kwa ubaya, Bi Turkiya. Mimi nyumba yangu ya ghorofa, ngazi zake kama za msikiti wa kale. Simtaki mtoto wa watu aje aumie kwangu."

Bi Turkiya alikubali kwa sauti tamu, na alipoweka simu uso ulikuwa umemsawajika. "Watu wa Sur," akasema. "Wanaoa au wananunua gari?"

Kaka yake Wadha, Himid, alikuwa na kazi ya serikali Nizwa, akamchukua mpaka zahanati moja ya binafsi huko. Daktari alikuwa mgeni, aliuliza kwa Kiarabu cha haraka, na kila alichouliza alijibu Himid. Anaumwa wapi? Mgongo na miguu. Tangu lini? Kitambo. Analala? Analala. Wadha alikaa baina yao akiitazama sakafu. Aliona maswali yanampita juu ya kichwa kama mpira wa watoto, na mara moja moja alitaka kuunyaka mmoja, aseme hapana, silali, naweka mto chini ya visigino ndipo nisinzie. Lakini kaka yake alikuwa anasema vizuri sana, kwa Kiarabu cha afisini, na yeye angeanzia wapi?

Daktari alimbonyeza mabega, mapaja na magoti, na kila alipobonyeza Wadha alikaza meno asitoe sauti. Mwisho akaupa ugonjwa jina refu ambalo Himid alilitamka mara moja tu ndani ya gari: fibromayaljia. Misuli imechoka, alifasiri, na roho nayo imechoka. Wanawake wengi wanayo. Atembee, apunguze fikra, atumie na vidonge vya chokaa kuimarisha mifupa. Damu wamechukua, majibu yatakuja.

"Fikra gani anazo huyu?" Bi Turkiya aliuliza waliporudi. "Za uzi mweupe na uzi wa rangi?"

Majibu yalikuja kwa simu, Himid akisoma kule na Bi Turkiya akishika mkono wa simu huku, na majirani wawili wamekaa kwenye busati na vikombe vyao vya kahawa.

"Kila kitu sawa, Mama. Kimoja tu kiko chini."

"Chini?"

"Chini kidogo."

"Si juu?"

"Si juu."

"Alhamdulillah," akasema Bi Turkiya, na akalirudia kwa sauti ili majirani wasikie. "Hakuna kilichopanda. Kimoja kimeshuka."

Ili mtu aifahamu furaha ile lazima ajue nyumba zenyewe. Bi Turkiya alikuwa na sukari. Jirani wa kulia alikuwa na sukari na presha. Jirani wa kushoto alikuwa na sukari, presha na mafuta, na mumewe alikuwa amekatwa kidole cha mguu. Miaka mingi wanawake wale walikwenda zahanati wakiomba Mungu njia nzima kwamba wakute kimeshuka, na hawakupata kukuta. Kwao hao, kupanda ndio maradhi yenyewe, na neno la chini lilikuwa neno la peponi.

"Umri wake huo, na damu ya chini," akasema jirani wa kulia kwa wivu usio na ubaya. "Mimi changu kilichoshuka ni macho tu."

Ijumaa Himid alikuja na halua ya Nizwa, sinia zima, bado ina moto, na Bi Turkiya akaigawa mtaa mzima kwa shukrani. Bakuli moja lilipelekwa mpaka Sur. Bi Ghaniya alipiga simu baada ya kuila. "Hongera, mwanangu," alimwambia Wadha. "Kwangu mimi kila kitu kiko juu isipokuwa mshahara wa mume wangu. Wewe njoo utushushe."

Wadha alicheka kwa adabu, akarudi jikoni, akaegemea ukuta.

Hapo ndipo alipochanganyikiwa kweli. Wanawake walikuja kumpa mkono kwa sababu ya damu yake, na yeye alipokea mikono ile huku vidole vyake vyenyewe vikimuuma kwa kushikwa. Kama damu yake inasifiwa mtaa mzima, basi nani aliyekuwa anaumwa? Alijaribu kujipima mwenyewe. Asubuhi nyengine alijilazimisha kushuka kitandani kama mtu mzima wa afya, kwa mruko, na maumivu yakampanda mpaka kwenye meno. Akajiambia: hizi ni fikra. Siku ya pili akazipunguza fikra. Hakufikiri kitu hata kimoja, alihesabu kurasa za msahafu akilini, na maumivu yakamkuta palepale. Alimeza vidonge vya chokaa kila jioni na aliona kama anazidi kukaza, lakini nani angemwamini kwamba dawa ya mifupa inamzidishia maumivu ya mifupa? Hata yeye hakujiamini.

Jirani mmoja akashauri apelekwe kwa mzee anayetibu watu kwa kuwachoma na chuma cha moto, amwekee alama moja kisogoni na moja kisiginoni. Mwengine akasema ni jicho la hasidi, tangu ile halua. Bi Turkiya aliwasikiliza wote na kuwajibu wote vilevile: mtoto wangu mzima, vipimo vinasema.

Na yalikuwapo mambo mengine ambayo Wadha hakujua ayaweke wapi. Alfajiri, kabla mtu hajaamka, alikuwa akisikia mkono wa mama yake unakwaruza ukuta wa ukumbini, polepole, kutoka mlango wa chumba mpaka chooni. Alikuwa akiisikia sauti ile tangu utotoni na akidhani ndivyo mama wanavyotembea gizani. Lakini taa ilikuwapo, na swichi iko mlangoni. Kwa nini hawashi taa? Alilala akisikiliza, na alipoamka mama yake alikuwa ameshakaa kwenye kiti jikoni, amejifunga mtandio, anakoroga uji, anamwambia aharakishe kama wasichana wa watu.

Siku waliyotarajiwa wageni wa Sur kuja kupanga tarehe ya harusi, Wadha alikuwa jikoni anakaanga sambusa. Aligeuka kuchukua sahani. Hakuteleza, hakujikwaa, aligeuka tu, na ndani ya mguu wake wa kulia kitu kikalia kama kijiti cha mdalasini kikikatwa. Alisimama pale pale na sahani mkononi. Akamalizia sambusa zilizobaki, asiziache zikaungua, akazipanga, kisha akakaa chini sakafuni, na hakuweza kuinuka tena.

Himid, aliyekuja kuwapokea wageni, alimpeleka mwenyewe hospitali ya Nizwa, na Bi Turkiya akakaa kiti cha mbele. Picha zilipigwa. Mguu ulikuwa na ufa, na si mmoja. Kulikuwa na mwengine wa zamani pembeni yake, na mwengine katika mguu wa kushoto, nyufa ambazo mwili ulianza kuziziba ukaacha njiani. Walimlaza.

Wodini alikuta wanawake wa Kiarabu kila upande, mmoja kutoka Misfat al Abriyeen aliyevunjika nyonga, mwengine kutoka Jabal Akhdar ambaye kila jioni aliletewa makomamanga na jamaa zake akawagawia wodi nzima. Walimsemesha kwa upole na yeye akawajibu alhamdulillah. Daktari wa wodi alikuwa mwanamke, Daktari Shurooq. Alizaliwa Unguja na alisomea Misri, na siku ya mwanzo tu, aliposikia Wadha anajiambia kwa Kiswahili kwamba hana kitu, akavuta kiti.

"Ewe, kumbe wetu," akasema. "Nani alikwambia huna kitu?"

Daktari akataka majibu yote ya zamani, na Himid akayaleta.

Ilikuwa alasiri ya pili, wakati wa kutazama wagonjwa. Bi Ghaniya alikuwa amefika kutoka Sur na chupa yake ya kahawa, tende, na kikapu cha matunda, amekaa ubavuni mwa kitanda kama mtu aliyekuja kukaa. Khalaf alibaki nje ukumbini na Himid. Bi Turkiya alikuwa upande wa pili, amenyooka kama kipande cha ubao. Mazungumzo yalikuwa ya barabara, na ya bei ya papa mkavu Ashkhara, na ya mtu yeyote isipokuwa mguu.

Daktari Shurooq akaingia na karatasi mkononi. Aliangalia wodi, akaona masikio yaliyojaa kila kitanda, akaamua kusema kwa Kiswahili ili maneno yabaki baina yake na mgonjwa. Kwa wodi ile ilikuwa busara. Hakumjua Bi Ghaniya, na alimchukua kuwa ni shangazi.

"Wadha, sikiliza. Humu katika damu yako mna kitu kinaitwa fosfatesi. Chako kiko chini. Kilikuwa chini mwanzo, na jana nimekipima tena, kiko chini zaidi."

"Alhamdulillah," akasema Bi Turkiya.

Daktari akamtazama. "Hapana, Mama. Hichi si sukari. Kikipanda, madaktari wote tunakikimbilia. Kikishuka, hakuna anayeuliza, na mimi mwenyewe nilikuwa nikikipita kila siku. Kazi yake ni kuufanya mfupa ushike chokaa. Kikiwa kidogo, mfupa unakuwa laini, unauma, unapasuka wenyewe kidogo kidogo, na mtu anaambiwa misuli imechoka."

Bi Ghaniya aliteremsha kikombe chake.

"Sina hakika bado," Daktari akaendelea. "Huenda ni chakula, huenda ni dawa, huenda amezaliwa nacho. Damu nataka kuipeleka Maskati, na wao wataipeleka nje. Vidonge vya chokaa asivimeze mpaka tujue. Lakini nataka unijibu, Wadha. Meno yako ya utoto yaling'oka lini?"

Wadha alifungua mdomo. Aliyakumbuka, au alikumbuka alivyohadithiwa: hajatimiza miaka minne, meno ya mbele yanaanguka mazima, na mizizi yake mirefu, hayana hata tone la damu, na bibi yake anacheka kwamba mtoto huyu ana haraka ya ukubwa.

"Kama watoto wote," akasema Bi Turkiya kabla yake.

"Sawa. Na nyumbani, kuna mwengine mwenye maumivu kama haya? Aliyepoteza meno mapema, anayevunjika ovyo? Mambo haya hutembea katika damu ya watu. Nikijua, kazi yangu itakuwa nyepesi, na yeye hatopewa dawa ya kumdhuru."

"Hakuna, Daktari," akasema Bi Turkiya. Sauti yake ilikuwa tamu, ile ya kwenye simu. "Sisi sote wazima. Huyu kazidiwa na kazi za harusi tu."

Wadha aliuona uso wa Bi Ghaniya, uso wa mtu anayefikiri, si wa mtu aliyekasirika, na hakujua anafikiri nini. Aliona mlango, na nje ya mlango kivuli cha mtu mwenye kofia kubwa. Akafahamu jambo moja tu katika mambo yote yaliyomchanganya miezi ile: akinyamaza, atakwenda Sur. Atakwenda akiwa mzima, kwa ushahidi wa mama yake, na atakaa katika nyumba ile akisema alhamdulillah mpaka mifupa iishe, na akijaaliwa mtoto atamfundisha kuisema. Na akisema, huenda asiende kokote. Alimtaka yule kijana.

Alimtazama mama yake. Bi Turkiya naye alimtazama, na kwa mara ya kwanza Wadha aliona si ukali machoni mwake, bali hofu, kama mtu anayeomba asivuliwe mtandio mbele za watu. Hilo lilimchanganya kuliko yote. Akataka kuyarudisha maneno ambayo hata hajayatoa.

"Wadha?" akasema Daktari. "Nakuuliza wewe."

Akashika chuma cha kitanda. Sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo, naye ilibidi aanze mara mbili.

"Meno yangu yalitoka na mizizi. Na mimi naumwa, Daktari. Bi Ghaniya, nisamehe, ile halua umeila bure, mimi naumwa kila siku, hata sasa hivi na mguu huu mwengine ambao hamjaufunga." Akamgeukia mama yake. "Na Mama anaumwa. Meno yake ya bandia anayo tangu mimi sijaanza skuli. Alfajiri anatembea kwa ukuta, hawashi taa ili tusimwone. Mama, mimi nakusikia. Nakusikia tangu mdogo, na sikuwahi kukuuliza, kwa sababu nilidhani sote tunaumwa."